Moyamoya kwa watoto: upasuaji unaochepusha damu bila kuzibua mshipa

Mtoto wa miaka sita ameketi na bakuli la uji wa moto. Anapuliza, anapuliza tena, halafu kijiko kinamponyoka. Mkono wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Dakika kumi baadaye kila kitu kimerudi na anadai aongezewe sukari. Nyumbani watasema anadeka. Japani, ulikotambuliwa ugonjwa huu wa moyamoya kwa mara ya kwanza, visa vya aina hii husimuliwa kuhusu tambi za supu zinazofuka mvuke na watoto wanaopuliza kinanda cha mdomo. Kwingine ni puto, au kilio kirefu cha kunyimwa kitu. Kiini ni kimoja: pumzi za harakaharaka.

Anayepumua kwa nguvu na haraka hutoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko kawaida. Hewa hiyo ikipungua katika damu, mishipa ya ubongo husinyaa. Mtoto mwenye afya ataona kizunguzungu tu. Lakini yule ambaye mishipa yake mikuu ya ubongo imebaki na tundu dogo, damu iliyokuwa ikimtosha kwa shida sasa haimtoshi, na sehemu ya ubongo inazimika kwa muda. Hicho ni kiharusi cha mpito. Kikirudiarudia, siku moja hakitapita. Tumeanza na pumzi kwa sababu karibu kila uamuzi wa kumtibu mtoto huyu, kuanzia dripu ya usiku wa kuamkia upasuaji hadi aina ya uzi wa kushonea ngozi, unaizunguka.

Kinachoziba, na kwa nini hakizibuliwi

Ubongo wa mbele na wa pembeni hulishwa na ateri mbili za karotidi za ndani zinazopanda shingoni, moja kila upande. Ndani ya fuvu kila moja hugawanyika: tawi moja huelekea upande wa paji, jingine upande wa sikio. Moyamoya hushambulia hapo kwenye panda. Ukuta wa ndani wa mshipa unanenepa, seli za misuli yake zinaongezeka, na tundu linazidi kuwa jembamba mwaka hadi mwaka. Hakuna mafuta yaliyoganda hapo kama kwenye mishipa ya mzee mwenye kisukari, wala si uvimbe wa kutuliza kwa dawa. Ndiyo maana kupanua kwa puto au kuweka kimrija cha chuma hakudumu: ukuta wenyewe ndio unaokua, nao huziba tena.

Damu ikikosa njia kuu, vijimshipa vidogo chini ya ubongo hupanuka ili vibebe mzigo usio wao. Kwenye angiografia, picha ya eksirei ya mishipa iliyotiwa dawa ya kuionyesha, huonekana kama wingu la moshi wa sigara. Madaktari wa Kijapani Takeuchi na Shimizu waliueleza ugonjwa mwaka 1957, na mwaka 1969 Suzuki na Takaku wakaupa jina la moyamoya, neno la Kijapani la kitu chenye ukungu kama moshi. Kwa sikio la Mswahili jina linapotosha kidogo, kwani linasikika kama "moyo", na msemaji wa Kiamu anaweza kusikia "moja moja". Moyo hauhusiki.

Suzuki alifanya jambo la pili lenye uzito zaidi kuliko jina. Aliupanga ugonjwa katika hatua sita. Hatua ya kwanza panda ya karotidi imebana, ya pili na ya tatu moshi unatokea na kutanda, ya nne na ya tano unapungua, ya sita umetoweka. Msomaji wa haraka atadhani kutoweka kwa moshi ni nafuu. Sivyo: karotidi ya ndani imeshakufa, na ubongo unaishi kwa damu ya karotidi ya nje tu, ile inayolisha uso, ngozi ya kichwa na tando za ubongo. Yaani mwili wenyewe unajaribu kuhamisha ubongo kutoka mshipa wa ndani kwenda wa nje. Tatizo lake ni mwendo. Mhamo huo huchukua miaka, na viharusi havisubiri. Upasuaji unaiga safari hiyohiyo ya mwili na kuiharakisha, kama barabara ya mchepuko inavyofunguliwa kabla daraja halijaanguka.

Aspirini hutolewa kwa watoto wengi, mara nyingi miligramu 3 hadi 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kazi yake ni kuzuia vidonge vya damu visigande palipobana. Haizuii kubana. Mzazi akiambiwa "tuendelee na dawa tuone" ajue hakuna dawa inayourudisha ugonjwa huu nyuma, na watoto walio chini ya miaka minne ndio ambao kusubiri huwagharimu zaidi, maana kwao ugonjwa hukimbia.

Njia mbili za kuchepusha

Njia ya kwanza ni kuunga moja kwa moja. Pembeni mwa kichwa, mbele ya sikio, kuna ateri ya panja. Ukigusa hapo unasikia mapigo yake. Daktari huikata mwisho wake, anaupitisha ndani ya fuvu, na kuushona kwenye tawi la ateri ya ubongo kwa uzi wa nailoni namba 10-0, ambao ni mwembamba kuliko unywele. Upasuaji wa kuunga mishipa hii ulianza mwaka 1967, mikononi mwa Yaşargil huko Zurich na Donaghy huko Marekani. Faida yake ni kwamba damu inafika siku hiyohiyo. Kasoro zake kwa mtoto ni mbili. Mishipa yenyewe mara nyingi ina upana wa milimita moja au pungufu, na kuta za ateri ya ubongo iliyougua huchanika kirahisi. Pia, wakati wa kushona, tawi hilo la ubongo hubanwa kwa dakika 20 hadi 30, na eneo ambalo tayari lina njaa linafungiwa hata kile kidogo lilichokuwa likipata.

Njia ya pili haiungi chochote. Ateri ya panja haikatwi; inalazwa juu ya ubongo huku damu ikiendelea kupita ndani yake, na ubongo wenye kiu unaachwa uchipushe mishipa mipya kutoka humo. Anayesikia hili mara ya kwanza huona kama kubahatisha. Lakini ubongo usiopata damu ya kutosha hutoa kemikali za kuita mishipa, na ubongo wa mtoto huziitikia vizuri kuliko wa mtu mzima. Ndiyo sababu njia hii inatawala kwa watoto, wakati kwa watu wazima madaktari wengi huegemea kuunga moja kwa moja au kuchanganya zote mbili. Gharama yake ni muda: mishipa hiyo huhitaji miezi kadhaa kabla haijafaa, na katika miezi hiyo mtoto bado yuko hatarini.

Ndani ya njia hii ya pili kuna aina kadhaa. Matsushima wa Japani alishona kipande cha tishu kinachozunguka ateri kwenye kingo za utando mgumu uliofunguliwa. Wengine hulaza msuli wa panja wenyewe juu ya ubongo, unaochipua vizuri lakini unaweza kuvimba na kuugandamiza. Wengine hutoboa matundu mengi madogo kwenye fuvu na kufungua tando chini ya kila tundu. Hili husaidia hasa upande wa paji, ambako ateri ya panja haifiki. Usipolitazama eneo hilo la mbele, mtoto anaweza kupona mikono na bado akalegea miguu, maana miguu inaendeshwa na sehemu ya ubongo inayolishwa na tawi la mbele.

Tutakaa na aina moja, ile iliyoendelezwa Boston na R. Michael Scott tangu miaka ya 1980, ambayo ateri inashonwa moja kwa moja kwenye utando mwembamba unaoshikana na ubongo.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Kabla ya kisu, ateri ya panja inafuatiliwa kwa kifaa cha Dopla, kinachosikiliza mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, na kuchorwa kwa kalamu juu ya ngozi iliyonyolewa. Mchoro huu ni kinga ya kosa baya kuliko yote ya mwanzo: kuikata ateri yenyewe wakati wa kuchana ngozi. Sindano ya ganzi haichomwi juu ya mchoro huo, isije ikaitoboa. Daktari huanza kuchana mwisho wa juu, kuelekea utosini, ambako ateri ni nyembamba na kosa likitokea hasara ni ndogo, kisha anashuka kuelekea sikioni. Ateri inatenganishwa chini ya hadubini kwa urefu wa takriban sentimita 10, ikiwa na ukingo mdogo wa tishu pande zote mbili. Ukingo huo usinyolewe: ndio utakaoshikwa na uzi baadaye.

Chini yake msuli wa panja unagawanywa na kukunjwa pembeni, na dirisha la mfupa linafunguliwa kubwa kadiri inavyowezekana chini ya njia ya ateri. Halafu unakuja utando mgumu, dura. Hapa angiografia iliyofanywa awali ndiyo ramani. Dura ina ateri yake, na kwa mtoto wa moyamoya mara nyingi ateri hiyo imeshaanza kupeleka damu kwenye ubongo kwa hiari yake. Ukiikata kwa kutojua umefunga mchepuko uliokwisha kufunguka, na mtoto anaweza kuamka na kiharusi. Kwa hiyo angiografia kabla ya upasuaji inapiga picha karotidi za nje pia. Anayepiga za ndani tu amefanya nusu ya kazi. Dura inafunguliwa kama petali, vipande sita au zaidi, ili kingo zenye damu ziwe nyingi.

Chini ya dura kuna araknoidi, utando laini unaofanana na nyuzi za buibui. Huu unafunguliwa kwa upana kila panapowezekana, kwa subira na kwa vifaa vidogo. Ukiachwa, unakuwa kama karatasi ya nailoni kati ya ateri na ubongo, na mishipa mipya haipenyi. Mchipuo ukishindikana, hapa ni pa kwanza kuulizia. Damu ikichuruzika, inatulizwa kwa maji ya chumvi na subira kuliko kwa umeme wa kuunguza, kwa kuwa kila kijimshipa kinachounguzwa ni kimoja kilichopotea.

Sasa ateri inalazwa, na ule ukingo wake wa tishu unashonwa kwenye utando wa mwisho kabisa, uitwao pia, kwa nyuzi nne hadi sita za 10-0. Kazi ya nyuzi ni kuhakikisha ateri haielei wala haihami. Petali za dura zinalazwa juu ya ubongo bila kushonwa zifunge. Mfupa unarudishwa ukiwa umechongwa nafasi mbili, ateri inapoingia na inapotoka, na msuli unafungwa kwa ulegevu. Dopla inapitishwa tena juu ya ateri. Sauti ikififia baada ya mfupa kurudi, mfupa unabana, na unatolewa uchongwe upya.

Kwa kuwa dura haikufungwa, maji ya ubongo yanaweza kuvuja chini ya ngozi, hivyo ngozi ndiyo inayoshonwa kwa umakini wote, na kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Uzi wa kuja kutolewa maana yake ni siku nyingine ya machozi. Matatizo mengine ya eneo hili ni damu kukusanyika kati ya dura na ubongo wiki kadhaa baadaye, maambukizi, na ngozi kufa pembeni mwa mshono, kwani ateri iliyoazimwa ndiyo iliyokuwa ikiilisha.

Pande zote mbili zikiwa na ugonjwa, vituo vingine huzifanya siku moja, kwa hoja kwamba usingizi mmoja ni salama kuliko miwili. Vingine huanza na upande ulioathirika zaidi na kusubiri. Mtoto aliyepata kiharusi kipya kwa kawaida huachwa wiki kadhaa ubongo utulie.

Maji, pumzi na machozi

Hatari kubwa ya upasuaji huu haiko kwenye sindano na uzi. Scott na wenzake walipotoa taarifa ya watoto 143 mwaka 2004, viharusi ndani ya siku 30 vilikuwa takriban 4 kwa kila nusu za ubongo 100 zilizopasuliwa. Ni kidogo ukilinganisha na ugonjwa ukiachwa wenyewe, lakini vingi vya viharusi vya siku hizo 30 husababishwa na mambo yanayoweza kuzuilika: shinikizo la damu kushuka, mwili kukauka, pumzi kuharakishwa.

Mtoto hulazwa siku moja kabla. Jioni anawekewa dripu kwa kiwango cha mara moja na nusu ya mahitaji ya kawaida. Kwa mtoto wa kilo 20 hesabu ni hii: mililita 100 kwa kila kilo ya kumi za kwanza, 50 kwa kila kilo ya kumi zinazofuata, jumla 1,500 kwa siku, mara moja na nusu inakuwa 2,250, yaani karibu mililita 94 kwa saa. Kufunga kula usiku kucha bila dripu, kama ilivyozoeleka kwa upasuaji mwingine, kwa mtoto huyu ni kosa. Kabla ya kutafuta mshipa wa mkono hupakwa krimu ya ganzi na kusubiri kama saa nzima, asilie. Aspirini haisimamishwi kiholela. Baadhi ya vituo huitoa hadi siku ya kuamkia upasuaji na kuirudisha siku moja baada ya upasuaji.

Mtaalamu wa usingizi anapaswa kusahau mazoea mawili. Katika kutoa uvimbe wa ubongo, mashine ya kupumulia huharakishwa kidogo na dawa ya kukamua maji hutolewa, ubongo unywee na nafasi ipatikane. Hapa yote mawili ni sumu. Kabonidayoksaidi ya damu hushikiliwa kati ya 35 na 45 mmHg. Ikishuka, mishipa inasinyaa. Ikipanda sana, mishipa mizima inapanuka na kuinyang'anya damu ile migonjwa, ambayo ilikwisha kupanuka hadi mwisho na haina akiba. Shinikizo la damu halitazamwi kwa jedwali la umri. Linatazamwa kwa kipimo cha mtoto huyohuyo alipokuwa ametulia wodini, na lisiende chini yake. Joto la mwili ni la kawaida, si baridi.

Baada ya upasuaji maji yanaendelea kwa kiwango kilekile kwa siku mbili au tatu, mpaka mtoto anywe mwenyewe vizuri. Maumivu yanatibiwa kwa ratiba, bila kungoja aseme. Mama au baba anakaa kitandani, na hili ni tiba: kilio cha robo saa kinaweza kufuta kazi ya saa tano. Udhaifu wa mkono ukitokea wodini, mambo ya kwanza ni kumlaza chali, kuongeza maji, kumpa oksijeni na kumtuliza, ndipo picha zifuate.

Mtoto mwenye selimundu

Katika Asia ya Mashariki ugonjwa huu una mizizi ya kurithi, hasa kwenye jeni iitwayo RNF213. Kwetu mlango wake mkubwa ni mwingine. Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na selimundu huweza kuharibu panda ileile ya karotidi na kuleta moshi uleule. Hali ikifuatana na ugonjwa mwingine, iwe selimundu, sindromu ya Down, nyurofaibromatosisi (ugonjwa wa kurithi wa vivimbe kwenye neva) au mionzi ya kutibu saratani ya kichwa, huitwa sindromu ya moyamoya. Mchepuko ni uleule.

Maandalizi ndiyo yanayobadilika. Damu hubadilishwa au kuongezwa mpaka hemoglobini S, ile ya selimundu, ishuke chini ya asilimia 30, na hemoglobini kwa jumla ikae karibu na gramu 10 kwa desilita. Kuipandisha sana "ili awe na nguvu" kunaifanya damu iwe nzito na kuziba. Oksijeni, joto na maji vina uzito mara mbili hapa. Mchepuko hautibu selimundu, kwa hiyo dawa ya selimundu iitwayo haidroksiurea au mpango wa kuongezewa damu unaendelea baada ya kidonda kupona.

Kuna mtego wa kipimo unaostahili kutajwa. Tangu STOP, utafiti wa mwaka 1998 wa kuzuia kiharusi kwa watoto wenye selimundu, watoto wa selimundu hupimwa kasi ya damu ubongoni kwa Dopla ya kichwa, na kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi ni alama ya hatari. Mtoto aliyekuwa na 210 akarudi na 90 bila kubadilishiwa chochote si lazima awe amepata nafuu. Huenda mshipa umeziba kiasi kwamba damu haipiti tena. Huyo anahitaji picha ya mishipa, MRA, si pongezi.

Mwaka mmoja baadaye

Wiki za kwanza nyumbani viharusi vya mpito vinaweza kuendelea. Mishipa mipya bado haijakomaa. Mtoto anywe maji kwa ratiba, asishinde juani bila kunywa, na akiharisha au kutapika apelekwe hospitali mapema kuliko ndugu zake. Akiwa kwenye aspirini na akapata tetekuwanga au mafua makali, daktari aambiwe siku hiyohiyo, kwa sababu ya hatari ya sindromu ya Reye, ugonjwa adimu unaodhuru ini na ubongo. Kitu chochote kinachobana mbele ya sikio kinabana mchepuko wenyewe: mikono ya miwani iliyokaza, bendeji, kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa nguvu, na kwa mantiki hiyohiyo misuko ya kuvuta ngozi ya panja.

Takriban miezi 12 baada ya upasuaji angiografia hurudiwa. Kwa vipimo vya Matsushima, daraja A ni mishipa mipya kujaza zaidi ya theluthi mbili ya eneo la ateri ya kati ya ubongo (lile tawi la upande wa sikio), B kati ya theluthi moja na mbili, C chini ya theluthi moja. Ateri ya panja iliyokuwa nyembamba huonekana imenenepa, na moshi chini ya ubongo umepungua kwa kuwa hauhitajiki tena. Mtaalamu hatazami hapo tu. Anatazama pia ateri za nyuma, zinazolisha sehemu ya kuonea, ambazo ugonjwa unaweza kuzifikia baadaye, na kama upande mmoja pekee ndio uliopasuliwa, anatazama ule mwingine kwa MRI mwaka baada ya mwaka.